Wakulima wa karafuu kwenye hifadhidata: ORM au SQL ya mkono?

Mtoa mada, Mjini: Asalaam alaykum. Tuseme inatakiwa programu ya kuandikisha wakulima wa karafuu Pemba: jina, shehia, daraja, uzito, malipo. Programu ikae Wete, hifadhidata Unguja. Vijana wanataka ORM, ile inayokutungia SQL, lugha ya kuulizia hifadhidata, ukawa unaandika lugha ya Python tu. Wakongwe hawataki kuisikia. Mimi nasema Django, kiunzi cha Python chenye ORM yake ndani, yaishe. Semeni.

Mchangiaji, Wete: Yaishe vipi, yakhe? Chukua ukurasa wa wakulima 200, kila mmoja na shehia yake. Ukipita mmoja mmoja ukaandika mkulima.shehia.jina, Django inauliza hifadhidata mara moja kuwaleta wakulima, kisha mara moja tena kwa kila mkulima. Maswali 201! Kwenye laptopu yako huoni kitu, hifadhidata iko humo humo. Huku kila swali linavuka bahari na kurudi. Likichukua milisekunde 20, ukurasa umekula sekunde 4, na magunia yako foleni nje.

Mtoa mada: Andika select_related, inaunganisha majedwali kwa JOIN, linabaki swali moja. Chombo hakina kosa hapo. Na nyie wa mkono je? Wengi wenu mnabandika maneno ya mtumiaji ndani ya SQL hivi hivi. Aingizwe mkulima wa Ng'ombeni, Mkoani: ile ritifaa inafunga maandishi katikati na programu inaanguka. Hapo bado hajaja mwizi anayeiweka makusudi.

Mchangiaji, Wete: Sheikh, parameta, yaani kupeleka maneno ya mtumiaji kando na SQL yenyewe, zipo hata bila ORM. Ng'ombeni itaingia salama salimini. Mimi kinachonikera ni ripoti: uzito kwa wilaya, daraja kwa daraja, msimu huu na uliopita. Kwa SQL naiandika na yeyote anaisoma. Kwa ORM unapanga vifungu juu ya vifungu, mwisho unachapisha SQL yake ujue imefanya nini. SQL ilianza 1974, Django 2005. Nijifunze ipi kwanza?

Mchangiaji, Tunguu: Kaka zangu, hamjauliza nani atabaki na mfumo. Aliyeuandika akipata kazi Dar, anayerithi atakuta SQL imetapakaa kila faili, au atakuta modeli, yaani maelezo ya majedwali kwa Python, pahala pamoja, na migresheni zinazoonesha jedwali lilibadilishwa vipi? Kwa hilo tu nachagua Django. Ila kila ukurasa uwe na jaribio la assertNumQueries: ukizidisha maswali yaliyoruhusiwa, msimbo haupokelewi. Ripoti mwachieni wa Wete aandike SQL yake, Django haimkatazi. Na asiyejua kusoma SQL asipewe ORM, khasa kwenye pesa za watu.

Mtoa mada: Bi mkubwa, kwa sharti hilo la mwisho nusu ya vijana wetu wako nje.

Mchangiaji, Tunguu: Wakae wiki mbili wajifunze, waingie.

Mchangiaji, Wete: Jaribio la kuhesabu maswali nalikubali. Django bado. Na hayo majaribio nani atayaandika, maana kwenye bajeti za miradi sijayaona hata siku moja?