Naomba ushauri: nibadilishe santuri yangu ya "Kind of Blue"?

Ndugu wanachama, salaam. Wiki hii yote nasikiliza "Kind of Blue", albamu ya jazz ya mpiga tarumbeta Miles Davis, iliyorekodiwa New York mwaka 1959. Nakala yangu ni ya chapa ya zamani, ambayo upande wa kwanza noti zake zinasikika juu kidogo kuliko zilivyopigwa, kwa sababu mtambo wa kurekodia ulikuwa ukizunguka polepole kuliko kawaida, na rekodi ikichezwa kwa kasi ya kawaida noti hupanda, kasoro iliyokuja kusahihishwa katika matoleo ya miaka ya 1990. Nakiri kwamba masikio yameshaizoea, hata sindano inapotatarika pembezoni mwa santuri. Je, nitafute toleo lililosahihishwa, au nibaki na hili? Mwenye nakala zote mbili anieleze tofauti anayoisikia kwenye tarumbeta, na nyote mniambie mnasikiliza nini sasa.