Sarafu zangu za fedha zinabadilika rangi. Nizihifadhije nyumbani kwa miaka 20 ijayo?

Mwekaji60
Wakuu, wakubwa shikamooni, wengine habari zenu.

Naongelea fedha ile ya madini, si hela. Kwa miaka 9 nimekuwa nikinunua sarafu za wakia moja moja, na sasa zimefika 60. Nyingi ni Maple Leaf za Kanada, zilizobaki ni Philharmonic za Austria na Britannia za Uingereza. Sina mpango wa kuuza. Nataka zikae miaka 20 au zaidi, ziwe za wanangu.

Juzi nimefungua kopo ninamoziweka, moyo ukanipasuka. Zile nilizofunga kwa gazeti na rababendi zina mstari mweusi pale rababendi ilipopita. Zilizo kwenye vifuko laini vya plastiki zimeota utando wa kijani unaonata. Na Maple Leaf kadhaa zina madoa meupe, kama tone la maziwa lililokaukia.

Je, ndiyo zimeharibika? Nizisafishe? Na nikishamaliza, niziweke wapi humu ndani zisalimike na unyevu, moto na wezi?

Kijana_wa_Akiba
Chukua dawa ya meno, sugua taratibu na kitambaa, suuza. Zitang'aa kama mpya.

SonaraMstaafu
Mwekaji60, nakusihi usifanye hivyo. Dawa ya meno ina chembe za kukwaruza, na fedha safi ya 999 (sehemu 999 kati ya 1000 ni fedha tupu) ni laini. Utaipata inang'aa, lakini imejaa mikwaruzo isiyofutika, na mnunuzi mzoefu akiigeuza tu kwenye mwanga anaiona.

Una matatizo matatu tofauti, kwa hiyo usiyatibu kwa dawa moja.

Weusi ni fedha iliyokutana na salfa. Hewani imo kidogo, ila wewe umeiongeza kwa mkono wako: rababendi ina salfa, na gazeti nalo si rafiki wa fedha. Kitambaa cha sufu nacho hivyohivyo, ndiyo maana kisanduku kizuri cha mbao kilichotandikwa sufu ndani kinaweza kuwa kibaya kuliko kopo lako. Unyevu unaharakisha mambo. Weusi huu ni utando mwembamba juu tu, uzito wa fedha haujapungua kwa kiasi cha kukusumbua. Uache kama ulivyo.

Utando wa kijani ndio unaonitia wasiwasi. Vifuko hivyo ni vya PVC. Plastiki hiyo hulainishwa kwa kemikali, na kadiri inavyozeeka inazitoa, pamoja na asidi inayokula uso wa sarafu. Hizo zitoe leo, usingoje kesho. Tafuta asetoni safi, si ile ya kuondolea rangi ya kucha, maana hiyo huwa imechanganywa na mafuta na manukato. Mimina kwenye chombo cha kioo, loweka sarafu, itoe, iloweke tena kwenye asetoni mpya, kisha iache ikauke yenyewe. Usisugue. Fungua madirisha na usiwe karibu na moto wowote, asetoni inawaka upesi sana.

Madoa meupe hayahusiani na utunzaji wako. Hutokana na utengenezaji, na Maple Leaf zilisumbuka nayo mpaka kiwanda cha Kanada kikaleta kinga yake, MintShield, mwaka 2018. Fedha iliyomo ni ileile. Ukihangaika kuyafuta utaharibu zaidi.

Mwekaji60
Ahsante sana mzee wangu. Kumbe rababendi! Nilidhani nazitunza vizuri. Sasa nizifunge kwa nini?

SonaraMstaafu
Kapsuli ngumu ya akriliki, yaani kikasha cha plastiki ngumu angavu, moja kwa kila sarafu, yenye kipenyo chake halisi: Maple Leaf ni milimita 38, Philharmonic ni 37. Ikilegea, sarafu inacheza ndani na kujikwaruza. Kama kapsuli 60 ni gharama kubwa, tumia tyubu ngumu za plastiki zilizotengenezwa kwa sarafu hizo. Maple Leaf huingia 25 kwenye tyubu moja. Kapsuli ziache kwa zile unazozipenda. Shika sarafu kwa ukingo, kamwe usiguse uso wake, jasho la kidole linaacha alama ambayo baada ya miaka inakuwa doa.

Komeo_Mbili
Mimi naongelea wezi. Sarafu 60 ni kama kilo 1.9 tu, mtu anaondoka nazo kwenye mfuko wa kaptula. Sefu ndogo isiyofungwa kwa boliti kwenye zege ni kama umemfungashia mwizi, anaibeba nzima akaifungulie kwake. Toboa sakafu, kaza boliti kutoka ndani. Na isiwe kabatini chumbani kwako, huko ndiko wanakoanzia.

Halafu bima. Soma mkataba wako wa bima ya nyumba neno kwa neno. Mingi inaweka kikomo kidogo sana kwa sarafu na madini, hata kama nyumba nzima imekatiwa bima kubwa. Piga picha kila sarafu pande zote mbili, weka risiti, na nakala zikae nje ya nyumba.

Mama_Wawili
Kaka, hayo yote ni sawa, lakini mimi naomba nikueleze la kwetu.

Baba yetu alikuwa na sarafu kama wewe. Hakumwambia mtu, hata mama. Alipofariki tulikuta daftari limeandikwa vizuri kabisa, aina, idadi, tarehe ya kununua. Mahali alipozificha hakuandika. Tumebomoa dari, tumechimba uani, tumefungua mpaka magodoro. Mpaka leo hatujaziona, na mama kila akipita na fagio anagonga sakafu asikilize.

Umesema ni za wanao. Basi mtu mmoja unayemwamini ajue ziko wapi na sefu inafunguliwaje. Mmoja anatosha, wala si lazima awe mtoto.

Mwekaji60
Dada, poleni sana. Nimesoma mara tatu. Hata mke wangu hajui zilipo, na leo jioni atajua.

Taarifa: nimeanza na Philharmonic moja kwenye asetoni. Kijani kimetoka chote, chini kumebaki kivuli kidogo. Limebaki swali moja: sefu ya kuhimili moto inafaa?

SonaraMstaafu
Kivuli hicho ni pale asidi ilipokwisha kula, hakiondoki, iache hivyo.

Sefu ya moto inafaa, ila ijue tabia yake. Kuta zake zina kijazio kinachoshika maji, ndicho kinachopoza ndani moto ukiwaka, na siku za kawaida unyevu wake unajaa humohumo. Fedha huyeyuka kwenye nyuzi 962 hivi za Selsiasi, kwa hiyo plastiki itatangulia kuyeyuka. Unyevu utakusumbua kabla ya moto. Weka silika jeli, punje za kunyonya unyevu, ile inayobadilika rangi ikishiba, na sarafu uzitie kwanza kwenye chombo ambacho kifuniko chake kinabana kwa mpira wa silikoni, siyo mpira wa kawaida. Kila baada ya miezi mitatu fungua uangalie rangi. Ikibadilika, kaushe punje kwa joto kadiri pakiti inavyoelekeza, ziache zipoe, urudishe.