Tupeane uzoefu: kabla ya kusoma hadithi fupi, mnawafanyisha nini wanafunzi?

Chaki Mkononi: Walimu wenzangu, habari za majukumu. Hizi hadithi fupi za zamani, ukiingia tu na "fungueni ukurasa wa kwanza", nusu ya darasa imeshasinzia. Mimi naanza na kazi ya mikono.

Kwa The Lottery ya Shirley Jackson (1948) naandaa vikaratasi, kimoja nakitia nukta nyeusi ya penseli, navikunja, naviweka kwenye boksi. Kila mmoja anachukua kimoja, hakuna kufungua mpaka niseme. Wakiuliza zawadi ni nini, sijibu. Wakifungua, wenye karatasi tupu wanashangilia, wala hawajui wameponea nini! Mwenye nukta anageukiwa na darasa zima. Papo hapo wanaandika: umejisikiaje, na kwa nini ulikubali kuchukua? Hilo la pili ndilo ninalolitaka. Tukifika pale Tessie Hutchinson, mama anayeangukiwa na nukta na kupigwa mawe na kijiji, anapolalamika kwamba haikuwa haki, wanaanza kuangaliana.

Bi Rejista: Nzuri, ila mimi kile cha nukta nakificha kiganjani na nakuwa wa mwisho kuchukua. Akikipata mtoto mnyonge, atataniwa wiki nzima.

Kalamu Nyekundu: Mimi nafundisha La Parure ya Maupassant (1884), ile ya mkufu wa kuazima. Nagawa makundi, kila kundi ni mume na mke. Mna faranga 400, akiba ya mume ya kununulia bunduki. Mke anataka gauni la sherehe. Amueni. Kelele zake sasa! Wavulana wanaitetea bunduki kama ya kwao.

Kisha deni: mmepoteza kitu cha watu, kipya ni faranga 36,000, urithi mlio nao ni 18,000. Zilizobaki mnakopa na kulipa kwa miaka 10. Wanapiga hesabu wenyewe: 1,800 kwa mwaka, 150 kwa mwezi, hapo riba bado. Kuna binti aliweka kalamu chini akauliza, "Kwa nini wasiende tu kumwambia mwenyewe?" Sikumjibu. Nikagawa vitabu.

Mzee wa Silabasi: Samahani wakuu, muda mnautoa wapi? Na mkishacheza hivyo, mwisho wa hadithi si umeshavuja?

Kalamu Nyekundu: Hauvuji mkuu. Ile siri ya mkufu siigusi kabisa, nawapa deni tu. Wakifika mstari wa mwisho wanapiga meza.

Dawati la Nyuma: Mzee, yangu ni ya dakika chache tu. The Tell-Tale Heart ya Poe (1843): msimulizi anasema alisikia moyo wa mzee aliyemuua ukitoa sauti kama ya saa iliyofungwa kwenye pamba. Basi nachukua saa ya mezani inayogonga, naizungushia pamba, naificha kabatini kabla hawajaingia. Wakikaa naomba kimya, kila mtu ajipime mapigo ya moyo shingoni. Baada ya muda mmoja ananyanyua kichwa, wa pili anamtazama. Wengine wanaapa hawasikii kitu, wengine inawakera hasa. Ubishi ukikolea naanza kusoma, na saa naiacha humo humo.

Mzee wa Silabasi: Haya, hiyo ya saa nitaijaribu. Pamba kiasi gani?

Dawati la Nyuma: Anza na nyingi, kisha uwe unapunguza mpaka uisikie kwa shida ukiwa dawati la kati. Na hakikisha kengele yake umeizima.