Binti yuko Kidato cha Kwanza, Kiingereza mimi sijui. Namsaidiaje kusoma?

Mama Vitumbua, Mbagala

Habari zenu wapendwa. Naomba msinicheke.

Binti yangu ana miaka 14. Darasa la saba alimaliza vizuri, Hisabati alipata A. Mwaka huu kaingia Kidato cha Kwanza shule ya kata huku kwetu. Mtihani wa nusu muhula kaniletea Bayolojia 18, Jiografia 22, Hisabati 31. Kiswahili ndicho kilichomwokoa, 74.

Uvivu hana. Anatoka saa kumi na moja na nusu alfajiri na kurudi ni saa kumi na mbili jioni kwa shida ya daladala, maana makonda wakiona sare wanageuza uso. Akifika anaosha vyombo, anamwogesha mdogo wake, ananichagulia mchele wa vitumbua na kuuloweka. Saa tatu usiku ndiyo anakaa na madaftari. Saa tatu na nusu nikipita nakuta kalala, shavu limegandana na kaunta buku, kalamu bado iko mkononi. Namwamsha, ananawa uso, anakaa, analala tena. Hivyo hivyo mpaka saa sita.

Baba yake anasema nimchape. Jirani anasema tuisheni, shilingi 1,000 kwa siku, lakini nilipokwenda kuchungulia nikakuta watoto kama sitini kwenye kibanda kimoja, na wanatoka saa mbili usiku.

Mimi niliishia la saba. Zamani nilikuwa namwuliza jedwali la kuzidisha huku nachoma vitumbua. Sasa nikifungua daftari lake naona mistari tu. Mzazi kama mimi anasaidiaje?

Dogo wa Temeke

Mama, yaani saa sita ndiyo analala, saa kumi yuko macho? Hata bodaboda inapumzishwa. Kabla ya yote, mwache alale.

Ticha Mstaafu, Morogoro

Mama Vitumbua, mpe mtoto pongezi zangu, maana anajitahidi. Nimefundisha Bayolojia miaka 27 na mtoto wako nimemwona mara nyingi.

Miaka saba amesoma kwa Kiswahili. Siku moja anaingia sekondari, na isipokuwa somo la Kiswahili lenyewe, karibu kila mwalimu anaandika ubaoni kwa Kiingereza. Anachofanya ni kunakili. Daftari safi kuliko yote niliyowahi kusahihisha lilikuwa la kijana ambaye ukimwuliza mstari mmoja una maana gani, anatazama dari. Kwa hiyo usiku anaposinzia si usingizi peke yake. Wewe mwenyewe ukipewa ukurasa usioelewa neno, utafika mstari wa ngapi?

Sasa kutojua kwako ndiko kutakakomfaa. Mwambie afungue ukurasa wa leo, somo moja tu, akueleze kwa Kiswahili kama anavyomweleza mdogo wake. Usimsaidie. Usipoelewa, sema hujaelewa. Pale anapokwama achore nyota kwa penseli pembeni ya mstari. Kesho amfuate mwalimu na nyota mbili, zisizidi, maana mtoto anayekuja na maswali kumi mwalimu anamkimbia. Maneno mageni ayaandike kwenye kijidaftari, matano kwa siku.

Halafu hilo la muda. Wewe unawasha jiko saa ngapi? Nadhani saa kumi. Basi alale saa tatu, aamke nawe. Saa moja tu ya kusoma alfajiri jikoni, kichwa kikiwa kimepoa, inashinda hizo tatu za kunawa uso.

Na kiboko waachie ng'ombe.

Baba Wawili, Mwanza

Nakubaliana na Ticha, ila tuisheni tusiitukane yote. Wangu wa kwanza ilimsaidia, walikuwa wanane tu kwa mwalimu. Cha kuuliza si bei, ni wako wangapi na kama mwalimu anasahihisha.

Pia Taasisi ya Elimu Tanzania wameweka vitabu vya kiada mtandaoni, kusoma ni bure. Mkiwa na simu ya bando hata Jumapili moja, atapata kitabu badala ya kutegemea alichonakili ubaoni. Usingoje mwakani: Kidato cha Pili kuna upimaji wa taifa, na asiyefaulu anakariri darasa.

Swali dogo. Huyo baba wa kuchapa, vyombo anaosha lini?

Mama Vitumbua, Mbagala

Baba Wawili umenichekesha mpaka mteja akaniuliza kuna nini. Nilimsomea baba yake mwenyewe. Alinuna siku mbili, sasa vyombo vya Jumanne na Alhamisi ni vyake. Vikombe vinatoka na mafuta, lakini nimenyamaza.

Ni wiki ya tatu tangu tuanze alivyosema Ticha. Siku za mwanzo binti alikuwa anaona aibu, anaongea ukutani. Juzi alfajiri akaleta Jiografia, kupatwa kwa jua. Akachukua bakuli la mchele likawa jua, kitumbua kikawa dunia, ndimu ikawa mwezi. Akapitisha ndimu katikati, akasema mama, kivuli kinaangukia hapa. Nikaelewa kabisa! Ndipo nikamwuliza: mwezi si unazunguka kila mwezi, mbona jua halipatwi kila mwezi? Akatazama bakuli, akatazama ndimu, akachora nyota.

Jioni karudi anakimbia, hata viatu hajavua. Mwalimu kamwambia njia ya mwezi imeinama kidogo, kama digrii tano, kwa hiyo mara nyingi kivuli kinapita juu au chini ya dunia. Kasema mwalimu kamwuliza swali hilo kalitoa wapi, naye kajibu kwa mama.

Jaribio la Jiografia kapata 46. Bayolojia 35. Ila Hisabati imegoma, 33, hata akinieleza kwa Kiswahili bado hesabu za herufi zinamshinda. Anasema, mama, x ni nini? Nami nikabaki na mwiko mkononi. Ticha, hiyo x mnaifundishaje?