Leseni halali ya Windows kwa mashine za steshenari: Microsoft wenyewe, duka la mjini, tovuti za bei chee au fundi?

Steshenari_Mbagala
Wakuu, salaam. Nafungua steshenari mwezi ujao: kuchapa, kutoa kopi, na kuwajazia watu maombi ya ajira na mikopo ya wanafunzi mtandaoni. Nimenunua mashine tatu za mtumba, HP EliteBook 840. Mbili ni G5, moja G3. Zote zimekuja zimepigwa Windows 10 Pro, ila hizo G5 zina yale maandishi ya kijivu kona ya chini kulia kwamba Windows haijaamilishwa.

Sitaki Windows ya kuchakachua. Watu wataniachia namba zao za NIDA, vyeti na nywila, siwezi kuviingiza kwenye mashine nisiyoiamini. Nimeulizia bei. Kwa Microsoft wenyewe Windows 11 Home ni dola 139 na Pro ni dola 199.99, yaani Pro moja inakaribia laki tano. Kuna maduka mjini yanayouza boksi, kuna tovuti zinazouza namba kwa dola chache, na kuna fundi Kariakoo ananiuzia namba kwa 20,000 akisema ni "orijino kabisa". Nyie mnanunua wapi?

FundiWaMwanza
Mkuu, kabla hujatoa hata mia, angalia ulichonacho. EliteBook ni mashine za maofisini, na nyingi zilitoka kiwandani na leseni ya Windows Pro. Tangu Windows 8 watengenezaji wakubwa huihifadhi namba ya leseni ndani ya mazabodi (bodi kuu ya mashine) yenyewe, kwa hiyo hata diski ikibadilishwa leseni inabaki. Shida inaanza fundi anapopiga Windows kwa flashi yake bila kuangalia: mazabodi ina leseni ya Home, yeye anapiga Pro, au anaingiza namba yake ya kuchakachua juu ya leseni halali.

Fungua PowerShell (dirisha la Windows la kuandikia amri) kama msimamizi, andika:

(Get-CimInstance SoftwareLicensingService).OA3xOriginalProductKey

Ikitoka namba yenye herufi 25, hiyo ndiyo iliyozaliwa na mashine. Usiibandike hapa. Kisha andika hii:

slmgr /dli

Hii itakuonyesha leseni inayotumika sasa hivi. Soma mstari wa maelezo. OEM_DM ni ya kiwandani, RETAIL ni ya dukani, na VOLUME_KMSCLIENT ni ya mashirika makubwa. Ukikuta hiyo ya mwisho kwenye mashine yako binafsi, ujue kuna mtu kaichezea. Fanya kwenye zote tatu, hata hiyo isiyo na maandishi ya kijivu. Hiyo ndiyo naitilia shaka zaidi.

MamaSaiba_Msa
Ndugu yangu, hiyo namba ya 20,000 achana nayo. Hapa Mombasa zimejaa, na najua zinavyokwisha. Jirani yangu mwenye saiba alinunua namba za aina hiyo kwa mashine zake zote. Zilikubali siku hiyo hiyo, akafurahi. Baada ya miezi kadhaa mashine zikaanza kudai leseni moja baada ya nyingine, na aliyemuuzia hapokei simu. Kumbe ilikuwa namba ya shirika fulani iliyovuja, ikauzwa kwa watu wengi hadi ikafungwa.

Na kuna wale mafundi wanaokwambia "zima kwanza antivairasi, halafu nitaiamilisha". Hapo simama kabisa. Virusi vya STOP/Djvu, vile vinavyofunga mafaili yako yote na kudai pesa, vimesambaa sana kupitia programu za kuchakachua kama hizo. Wewe unashika vyeti vya watu, huwezi kumwambia mzazi cheti cha mwanawe kimefungwa.

Mswahili_Hamburg
Niongeze kuhusu zile tovuti, maana nyingi zinajificha nyuma ya sheria ya huku Ulaya. Julai 2012 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kesi ya UsedSoft dhidi ya Oracle, ikasema leseni ya kudumu iliyokwisha kuuzwa ndani ya Umoja inaweza kuuzwa tena. Ndiyo maana huku kuna biashara halali ya leseni za mtumba.

Lakini uamuzi huo una masharti. Anayeuza lazima aache kuitumia na nakala yake isifanye kazi tena. Halafu kampuni iliyonunua leseni ya watumiaji wengi kwa pamoja hairuhusiwi kuimega, ikabaki na sehemu na kuuza nyingine. Sasa tovuti inayokutumia herufi 25 kwa barua pepe, bila karatasi yoyote ya kuonyesha ilikotoka, itathibitishaje hayo? Na wewe uko Dar, mahakama hiyo haikuhusu.

Mhasibu_Nbo
Mimi nakagua vitabu vya biashara ndogo hapa Nairobi, na naangalia risiti kwanza. Uliza duka swali moja tu: "Utaniandikia kwenye risiti kwamba umeniuzia Windows 11 Pro, leseni ya aina gani, vipande vingapi?" Kwetu ni risiti ya kodi ya eTIMS, kwenu ni ya EFD. Mwenye mali halali anaandika bila wasiwasi. Wa mali chafu ataandika "huduma ya kompyuta" au ataomba umtumie kwa M-Pesa kwenye namba yake binafsi.

Na boksi lisikutishe kwa uzuri wake. Kuna leseni za watengenezaji zinazokusudiwa kuuzwa na mashine mpya, lakini watu huzitoa na kuziuza rejareja kwa bei ya chini. Inaweza kukubali, ila imefungwa kwenye mazabodi ya kwanza uliyoiweka. Kwa mfanyabiashara mdogo ningesema hivi: kama huna leseni kabisa, nunua kwa Microsoft moja kwa moja, inaingia kwenye akaunti yako na hakuna wa kati. Duka liwe chaguo la pili, na liwe duka ambalo kesho utalikuta pale pale.

Steshenari_Mbagala
Ahsanteni sana. Nimeangalia zote. G5 ya kwanza imetoa namba, na G5 ya pili nayo hivyo hivyo. G3 ndiyo haina namba yoyote, na slmgr inasema VOLUME_KMSCLIENT, eti itaisha muda baada ya siku 170 na kitu. Hiyo ndiyo niliyoambiwa "iko safi"! Sasa nifanyeje?

FundiWaMwanza
Leseni za KMS, yaani hizo VOLUME_KMSCLIENT za mashirika, huishi siku 180 na hujihuisha zikiona seva ya shirika. Wewe huna seva, kwa hiyo kuna programu imejificha ndani inayojifanya seva. Usihangaike kuitafuta, futa diski nzima upige upya.

G5 nyingi zina prosesa za Intel za kizazi cha 8; zako zikiwa hivyo, zinakubali Windows 11. Pakua chombo cha kutengeneza flashi kwenye tovuti ya Microsoft wenyewe, usikubali flashi ya mtu. Wakati wa kupiga, chombo husoma leseni ya mazabodi na kuchagua toleo lake chenyewe. Ukiunganisha intaneti, leseni itakubali. Ikitokea mojawapo ni ya Home na ukataka Pro, Microsoft wanauza kupanda daraja kwa dola 99, huhitaji kununua Pro nzima. Ila kwa kazi za steshenari Home inatosha, usiongeze gharama.

Mdau_Moro
Na hiyo G3 msimnunulishe leseni jamani. Prosesa yake ni kizazi cha 6, Windows 11 haiikubali rasmi, na Windows 10 ilikatiwa masasisho ya kawaida 14 Oktoba 2025. Laki tano kwa mashine hiyo ni pesa ya kutupa. Weka Linux Mint 22, mfumo mwingine badala ya Windows, ni bure, na masasisho yanakuja hadi 2029. Kujaza fomu mtandaoni, kuskani na kuprinti inafanya vizuri.

Tahadhari moja: mteja akileta kadi ya harusi iliyopangwa kwa Word, ukiifungua kwa LibreOffice (programu ya bure inayotumika badala ya Word) fonti zinahama na maneno yanaruka mstari. Kazi za kuhariri zipeleke kwenye G5, hiyo G3 ipokee PDF na maombi ya mtandaoni. Kabla hujaipiga jumla, iwashe kwa flashi bila kuiweka kwenye diski, ujaribu printa yako kwanza.

Steshenari_Mbagala
Nimewaelewa. Swali la mwisho: nikiongeza mashine ya nne baadaye, bora ninunue leseni peke yake au mashine yenye leseni?

FundiWaMwanza
Mtumba wenye leseni ndani ya mazabodi, kizazi cha 8 kwenda juu. Ukiwa dukani mwambie muuzaji aiwashe, andika amri ile ya kwanza mbele yake. Isipotoa namba, punguza bei au ondoka. Leseni ya dukani, ile ya RETAIL, inunue tu kama unaunda kompyuta ya mezani mwenyewe, kwa sababu hiyo unaweza kuihamishia mashine nyingine ile ya kwanza ikifa. Na iunganishe na akaunti ya Microsoft ya biashara, siyo ya kijana unayemwajiri.