Mmekata mvinje wa marehemu baba, mmetuletea mti wa Krismasi wa plastiki, halafu mnataka tupige picha tukicheka?

Wakuu, heri ya mwaka mpya kwa mliouanza vizuri. Mimi nimeuanza na kisiki.

Naomba uzi huu usipelekwe jukwaa la vichekesho. Najua wapo watakaosema "dada, mti tu huo". Someni kwanza hadi mwisho, kisha mje na hizo "mti tu" zenu.

Nyumbani kwetu ni Tabora, Isevya. Marehemu mzee alikuwa mtu wa reli, enzi ambazo mtoto wa mtu wa reli alijulikana mtaa mzima kwa sababu baba yake ndiye aliyejua treni ya Kigoma imechelewa wapi na ya Mpanda itaondoka lini. Mwaka niliozaliwa, 1987, mwenzake mmoja wa Dar alimpa mche wa mvinje. Ukaja kwa treni ndani ya kopo la maziwa ya unga, umefunikwa gunia lenye maji. Mzee akauotesha karibu na ukuta wa mbele. Kopo hakulitupa. Alichukua kifuniko chake, akakikata kwa mkasi wa bati, akatoa nyota yenye ncha tano, moja fupi kuliko nyingine kwa sababu mkasi uliteleza. Hiyo ndiyo nyota ya Krismasi ya nyumba yetu tangu nipate akili.

Sisi hatukuwahi kukata mti wala tawi. Mti ulikuwa unasubiri pale pale nje, na tarehe 24 jioni tunaupamba kuanzia chini hadi mkono wa aliyebebwa mabegani unapofika. Pamba ilitoka kwa ndugu wa Igunga, ya shambani kabisa, bado ina mbegu. Tuliambiwa ni theluji. Mimi hadi darasa la tano nilidhani theluji ni aina ya pamba. Karatasi za kung'aa tulizitoa ndani ya pakiti za sigara, tunaziokota kilabuni mwaka mzima na kuzinyoosha kwa ukucha. Vile vitunda vya mvinje, vigumu vyenye matundu matundu, tulivipaka rangi ya fedha iliyobaki kwenye kopo la kupakia geti. Mwaka mmoja kaka yangu (huyu huyu, kumbukeni) aliweka mshumaa karibu mno na pamba. Bibi, ambaye wote tulimwita Mayu, aliuzima moto kwa maji aliyokuwa anaoshea mchele. Asubuhi mti ulikuwa na mchele matawini na ndege wamejaa. Mzee akasema mwaka huu wageni wamewahi.

Na usiku, mkishalala, upepo ukipita kwenye mvinje unasikia mluzi mwembamba, kama mtu anayemwita mwenzake kwa mbali na hataki kuwaamsha watu. Wenye mvinje kwao wananielewa.

Sasa basi. Nafanya kazi Mwanza. Tarehe 23 nimeshuka kwenye basi jioni, bodaboda ananiuliza nyumba ipi, namwambia ile yenye mvinje mrefu. Tumepita mara mbili. Mara mbili! Nimepita nyumba niliyozaliwa bila kuijua, kwa sababu alama yake haipo.

Kaka yangu mkubwa yuko Dar na mambo yake yamemnyookea, namshukuru Mungu kwa hilo. Oktoba alikuja, akakuta mizizi inapasua ukuta. Sawa, mizizi ya mti mkubwa karibu na ukuta ina vurugu zake, sibishi. Lakini ukuta ule una nyufa mbili na fundi mmoja wa Isevya angeuziba kwa siku moja. Ukweli nimeuona mwenyewe: kando ya kisiki cha mti sasa pana zege, na juu ya zege pana gari lake. Mama hakuulizwa, aliarifiwa. Mimi hata kuarifiwa sikuarifiwa, nina simu mbili na zote zilikuwa hewani.

Subirini, bado. Magogo walipewa vijana wachome mkaa. Mvinje hutoa mkaa mkali, wapishi wanajua. Gunia moja likabaki nyumbani. Kuku wa Krismasi alichomwa kwa mkaa wa mti wa Krismasi. Nimeambiwa hivyo nikiwa na paja mkononi.

Sebuleni ndiyo nikakutana na mgeni. Mti wa plastiki wa futi sita kutoka Kariakoo, umepulizwa weupe kwenye ncha. Miguu mitatu, mmoja mfupi, umewekewa daftari la shule ili usimame. Vimulimuli vyake vina kimuziki cha kuzunguka sauti moja, na swichi ya kukizima haifanyi kazi. Umeme ulipokatika usiku wa tarehe 24 ndipo tulipopata ibada.

Nikamuuliza kaka kwa upole, nilianza kwa upole jamani, kwa nini? Akaniambia plastiki inaokoa mazingira, haukatwi mti kila mwaka. Wakuu, mtu aliyekata mti uliosimama zaidi ya miaka 35 bila kukatwa hata Krismasi moja ananifundisha mazingira! Hesabu hizo zipo. Carbon Trust, taasisi ya Uingereza inayopima hewa ya ukaa, ilishapiga: mti wa plastiki wa mita mbili una gharama ya kama kilo 40 za hewa ya ukaa, wa kukatwa ukichomwa baadaye ni kama kilo tatu na nusu. Ndiyo maana huwa wanasema wa plastiki lazima uutumie miaka kumi na zaidi ndipo ulipe. Sasa wetu ambao haukukatwa kabisa tuuweke safu gani?

Wifi naye akadakia kwamba mti wa Krismasi ni mambo ya Wazungu, wa kweli au wa bandia yote ni kuiga. Ni kweli ulianzia kwa Wajerumani, na hao hao ndio waliotuletea reli hapa Tabora mwaka 1912. Mwembe nao asili yake Asia. Nani atathubutu kuja Unyamwezi mwezi wa 12 aseme embe ni la kuiga?

Sina ugomvi na miti ya plastiki. Shangazi yangu wa Urambo anao mmoja tangu 1996, marehemu mjomba aliununua kwa hela ya tumbaku msimu ulipomlipa vizuri. Umebaki na matawi machache kama mswaki wa mzee, lakini kila Januari anaukunja, anauviringisha kwenye sandarusi na kuuingiza uvunguni, na hakuna mjukuu anayeruhusiwa kuugusa bila kunawa mikono. Ule mti nikiuona navua viatu. Anayeishi chumba kimoja cha kupanga aoteshe mvinje wapi?

Kilichonitoa machozi ni nyota. Mama alikwenda ndani akaitoa sandukuni, imefungwa kwenye kanga kama kila mwaka, akampa mjukuu aipandishe. Wifi akasema, kwa sauti ya upole kabisa, kwamba mwaka huu rangi ni dhahabu na nyeupe, bati lenye kutu litaharibu picha. Kaka yangu alikuwa amekaa pale. Kaka aliyebebwa na mzee mabegani kuiweka nyota ile kabla yangu. Akaangalia simu.

Mama akasema "haya", akaifunga tena kwenye kanga. Hakuongeza neno. Mnaomjua mama wa Kinyamwezi anayesema "haya" halafu akanyamaza, mnajua nyumba imeingia baridi.

Kwenye picha walizorusha kwenye grupu la familia mimi simo. Nilikuwa nje nimekaa kwenye kile kisiki, kipo pembeni ya zege, walishindwa kuking'oa.

Sasa naomba msaada wa kweli. Aliyeko Tabora mjini anayejua kitalu chenye miche ya mvinje, aandike hapa bei na mahali. Nina hadi Jumapili kabla ya kurudi Mwanza, na mvua bado zipo. Nimepata nafasi nyuma ya jiko, mbali na ukuta, mbali na gari la mtu. Mama ameshachimba shimo, hakunisubiri.

Na kaka, najua unasoma humu kwa jina la bandia. Nyota iko kwangu.