Je, mnasamehe makosa ya jukwaani?

Swali:
Ndugu zangu wapenzi wa roki hapa Dar es Salaam, jana nimetazama tena Live Aid ya mwaka 1985, tamasha la hisani lililofanyika siku moja London na Philadelphia, ambako bendi ya Led Zeppelin ilipiga Philadelphia huku sauti ya mwimbaji wao Robert Plant ikiwa imekauka na gitaa la Jimmy Page likiwa halikutuniwa sawasawa. Je, mnasamehe onyesho la namna hiyo?

Jibu la kwanza:
Sauti iliyochoka naisamehe, lakini ukosefu wa mazoezi siusamehe. Wapiga dramu walikuwa wawili, Phil Collins na Tony Thompson, na hawakuzoeana. Bendi yenyewe ilikataa onyesho hilo liingizwe kwenye DVD ya Live Aid ya mwaka 2004. Siku hiyohiyo jijini London, bendi ya Queen ya Freddie Mercury, mzaliwa wa Zanzibar, hawakuyumba kwa dakika zao 20 hivi, kwa sababu walikuwa wamejiandaa.

Jibu la pili:
Kaka, mimi naona tofauti kidogo. Kinondoni niliwahi kumwona mpiga gitaa akikatikiwa na uzi katikati ya solo, na mpiga besi akarudia mstari uleule, macho yakiwa kwa mwenzake, hadi vidole vinavyotetemeka vikamaliza kufunga uzi mpya. Wimbo huo ndio ninaoukumbuka mpaka leo.